Asali ya Kiambere Yaenda Maonyeshoni

Kathambi alikuwa mtu wa kuuliza. Akiwakuta watu wamekusanyika mahali, haendelei na safari mpaka ajue wamekusanyikia nini. Akinunua sufuria, humwuliza mwenye duka kwa nini mkono mmoja umekaa juu kuliko wa pili. Mumewe, Nthiga, alizoea kumwambia kwamba maswali yake yangekuwa mbuzi, boma lao lisingetosha.

Walikaa Kiambere, katika nchi ya Wambeere, si mbali na bwawa kubwa la umeme. Ardhi ya huko ni kavu. Mahindi hukubali mwaka mmoja, yakagoma miwili. Kwa hiyo walipanda ndengu na mtama, wakafuga mbuzi, na zaidi ya yote walitegemea nyuki. Nthiga alikuwa na mizinga arobaini ya magogo. Aliitundika juu ya migunga aliyorithi kwa baba yake, miti mirefu yenye miiba na maua meupe. Siku za kurina, Nthiga hupanda na moshi, na Kathambi hukaa chini na kitambaa safi akichuja asali polepole.

Asali yao ilikuwa nzuri. Hakuna aliyebisha hilo. Shida ilikuwa mnunuzi. Walanguzi walikuja walipotaka wao, na miezi mingine hawakuonekana kabisa. Mwaka uliopita Nthiga na mkewe walipeleka asali kwenye maonyesho ya kilimo ya Embu. Walikaa siku tatu. Walirudi na vibuyu vyote isipokuwa viwili, na hivyo viwili vilinunuliwa na shemeji yao kwa kuona haya.

Basi akatokea mtu mwenye lori la makaa. Aliitazama migunga ile kama mchinjaji anavyotazama ng'ombe. Akamwambia Nthiga kwamba miti ile ni magunia mengi ya makaa, na pesa zake hazingoji msimu. Nthiga alimwomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu alimpa jibu.

"Ngoja maonyesho ya mwaka huu yapite," alisema. "Asali ikikataa tena, utaleta mashoka."

Kathambi aliyasikia maneno hayo akiwa anapepeta ndengu. Ungo ulimtulia mikononi. Migunga ikikatwa, nyuki watahama, na mgunga haukui kwa mwaka mmoja wala kumi. Zilibaki wiki sita.

Hakulia. Alianza kujiuliza. Mwaka jana, kwa nini watu walilipita banda lao wakaenda kujaa kwa jirani aliyekuwa akionyesha mbegu tu? Mbegu hazinukii. Mbegu hazilambwi. Jirani yule alikuwa na nini?

Wakati huo fundi mmoja alikuwa sokoni akitengeneza milango ya zahanati mpya. Jina lake lilikuwa Mbaabu, mzaliwa wa Majengo, mjini Meru. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe, penseli sikioni, na mdomo usiokauka mzaha. Watu walisema alikuwa amepigilia misumari katika mabanda ya maonyesho kwa zaidi ya miaka ishirini, Meru na Embu. Kathambi alikata kipande cha sega, akakifunika vizuri, akaenda kumtafuta.

Alimwuliza fundi ni kitu gani kinachomsimamisha mtu mbele ya banda moja na kumpitisha mbele ya lingine. Mbaabu aliweka randa chini. Alisema kwamba katika miaka yake yote watu walikuwa wamemwuliza bei ya mbao tu. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Kwanza nieleze banda lenu, Mama Njoki," alisema. Njoki alikuwa binti yao aliyeolewa Runyenjes. "Usinifiche kitu. Mimi ni kama daktari."

Kathambi alieleza. Walikuwa wamepeleka asali, ndengu, mtama, vikapu, ngozi za mbuzi na fuko la ukwaju. Meza iliziba mlango wote wa banda. Asali ilikuwa ndani ya vibuyu, na vizibo vimefungwa kwa kamba. Kibao kiliandikwa jina la Nthiga, la babake, la kijiji, la kata na sanduku la posta. Na Nthiga mwenyewe alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti, mikono imekunjwa.

"Alikuwa akifanya nini huko nyuma?"

"Akingoja kusalimiwa."

Fundi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akaona Kathambi hacheki, naye akaacha. Akaahidi kufika nyumbani kwao Jumapili baada ya kazi.

Alipofika, Nthiga alimkaribisha vizuri, lakini alikuwa na neno lake tayari. Alisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye si mchuuzi wa njugu wa kupigia watu kelele.

"Ni kweli, mzee," alijibu Mbaabu. "Kizuri chajiuza. Lakini kizuri chako kilikuwa kimefungwa kamba shingoni. Kingejiuzaje?"

Mbaabu akamwuliza swali jingine. Akitoka maonyeshoni, anataka arudi na nini? Nthiga akasema anataka kikombe cha ushindi, kama kile alichopewa mwenye fahali. Mbaabu akatikisa kichwa. Alieleza kwamba wengi huenda maonyeshoni bila kujua wanachokitafuta, kwa hiyo hurudi na vumbi. Mwenye kutafuta kikombe hujitayarisha kwa ajili ya waamuzi. Mwenye kutafuta mnunuzi hujitayarisha kwa ajili ya mnunuzi. Banda la kwanza si sawa na la pili.

"Mnunuzi mmoja," alisema Kathambi. "Wa kila mwezi. Hilo ndilo linaloweza kuokoa miti."

Nthiga akakubali kwa kichwa.

Basi Mbaabu akaomba kamba ya katani na vigingi vinne. Akapima uani hatua tatu kwa hatua tatu, akafunga kamba pande zote. Hilo ndilo banda, alisema, halina inchi ya ziada. Akawaambia waweke ndani vitu vyote vya mwaka jana. Kathambi alileta meza, magunia, vikapu, ngozi na vibuyu. Walipomaliza, hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Kuku mmoja alijaribu kuingia akarudi.

"Hata kuku ameshindwa," alisema Mbaabu. "Mgeni ataweza?"

Walianza kuondoa. Ngozi zilitoka. Ukwaju ukatoka. Nthiga alitetea ndengu zake kama wakili, lakini Kathambi alimwuliza kama mnunuzi wa ndengu ataizuia migunga isikatwe, naye akazibeba mwenyewe kuzirudisha ghalani. Ikabaki asali tu. Meza waliihamisha upande wa kushoto, ili mtu aweze kuingia hatua mbili bila kugonga kitu. Kibao kikaandikwa upya. Mbaabu alimwambia Kathambi asimame hatua kumi mbali, atembee kama mtu mwenye haraka, na neno lolote asiloweza kulisoma akitembea lifutwe. Maneno mengi yalifutwa siku hiyo. Yalibaki haya, kwa herufi nene kama kidole gumba: ASALI YA MIGUNGA, KIAMBERE. KARIBU UONJE.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

Nthiga aliweka kidole juu ya neno la mwisho. Hapana, alisema. Asali haifunuliwi mbele ya wapita njia. Mtu akipeleka asali kwa wakwe kuposa, huibeba imefungwa, na huifungua mwenyeji tu, akiwa amekaa na wazee wake. Anayeifungua njiani amewatukana wakwe na amejitukana mwenyewe. Ndivyo alivyofunzwa, na hakuwa tayari kufunzwa upya na fundi wa milango.

Mbaabu hakubishana. Alikusanya penseli na futi yake, akasema kwamba mila ya watu si ubao wa kupigwa randa. Lakini akamwambia Kathambi pembeni ukweli wote: asali isiyoonjwa haina mnunuzi wa kila mwezi. Mtu wa mjini ameshauziwa maji ya sukari mara nyingi. Haamini kibuyu, huamini ulimi wake.

Usiku huo kichwa cha Kathambi hakikunyamaza. Mume wake hakusema uongo. Asali ya wakwe haifunguliwi. Lakini je, asali yote ni ya wakwe?

Asubuhi alimfuata Nthiga hadi kwenye migunga. Nthiga alikuwa akikagua kamba za mizinga. Kathambi akaketi juu ya jiwe, akauliza kama mtu anayepitisha wakati tu.

"Baba Njoki, ukiwa unarina, mtu akapita hapa chini, unamfanyia nini?"

"Nampa sega. Si unajua?"

"Hata humjui?"

"Hata simjui. Hata kama tuna kesi naye kwa chifu. Asali haishuki kwenye mti mpita njia akaondoka mdomo mtupu. Nyuki watahama."

"Na nani huanza kumwita mwenzake? Yeye au wewe?"

"Mimi. Yeye ataniombaje? Mwenye asali ndiye..."

Nthiga aliikatiza sentensi hapo. Alimgeukia mkewe polepole. Kathambi alikuwa anachomoa mwiba kwenye kanga yake, kama hana habari.

"Wewe mwanamke," alisema Nthiga.

"Mimi nauliza tu," alisema Kathambi. "Nilifikiri maonyeshoni si kwa wakwe. Hakuna anayeposa pale. Ni wapita njia watupu."

Nthiga alimaliza kukaza kamba ya mzinga. Kisha akasema kwamba mzinga mmoja wa zamani, ule uliopasuka ubavuni, ungeweza kutundikwa mbele ya banda. Mtu akiuona mzinga atajua yuko chini ya mti. Na akiwa chini ya mti, atapewa. Lakini vibuyu vya kununuliwa vitabaki vimefungwa, ili anayetaka kupeleka kwa wakwe apeleke kwa heshima. Kathambi akasema ni sawa kabisa.

Mbaabu alipoletewa habari hizo, alisema kwamba yeye kwa miaka ishirini amekuwa akitafuta namna ya kupamba banda, na hakuwahi kufikiria kuleta mti. Akachonga vijiti vidogo vya kuonjea, vingi, kila kimoja cha mtu mmoja tu, kisha hutupwa ndani ya debe. Kathambi akashona kitambaa cheupe cha kufunika asali ya kuonja, nzi wasije wakawa wageni wa kwanza. Waliandaa pia maji na sabuni, maana asali hunata, na mgeni mwenye vidole vya kunata hawezi kutoa mkono kuaga. Walitafuta chupa safi za kioo, wakazichemsha, wakatia asali ndani, ili mtu aione rangi yake kwenye mwanga.

Halafu wakafanya jaribio. Mbaabu alisema hakuna arusi bila mazoezi ya kwaya. Jirani yao Mbaka aliitwa awe mgeni. Mbaka alikuwa mtu wa vichekesho, akaifanya kazi ile kwa moyo wote. Alipita mbele ya kamba akiwa mwalimu mkuu mwenye haraka. Alipita akiwa mama mwenye watoto watano. Alipita akiwa mlevi aliyetaka kujua pombe iko wapi. Kila mara Nthiga alitakiwa aanze yeye kusalimu, kwa maneno machache, na amwachie mgeni nafasi ya kuuliza.

Mara ya kwanza Nthiga alianza na historia ya babu yake. Mwalimu mkuu alisinzia akiwa amesimama. Mara ya pili alimwuliza mlevi jina la ukoo wake. Mara ya sita alisema hivi: "Habari ya kutembea. Tumerina sasa hivi. Chukua, uonje."

"Hapo," alisema Mbaabu. "Usiongeze wala usipunguze."

Jambo la mwisho lilikuwa hesabu ya mizinga. Mbaabu aliwaonya kwamba mnunuzi mzuri atauliza wanaweza kumpa kiasi gani, na wengi hapo hujibu kwa ulimi, si kwa ghala. Walikaa wakahesabu miezi ya maua na miezi ya ukame. Waliona kwamba kwa mwaka mzima, bila kukosa, wangeweza kutoa kilo ishirini kila mwezi. Kathambi aliandika namba hiyo kwenye jalada la daftari jipya.

Walifika Embu kwa lori la magunia ya ndengu, siku moja kabla ya maonyesho. Hilo nalo lilikuwa agizo la Mbaabu. Na lilikuwa agizo jema, kwa sababu banda lao lilikuwa limebadilishwa. Waliahidiwa lile linalotazama mashariki, wakapewa linalotazama magharibi. Jua la alasiri lingeipiga asali yote na kuilainisha kama maji. Mwaka jana wangelalamika mpaka jioni. Mwaka huu walishajua kila kitu kinakaa hatua gani. Waligeuza meza upande wa pili, wakatundika kitambaa, na kabla ya saa kumi banda lilikuwa tayari. Nyundo, misumari na kamba walikuwa navyo wenyewe. Majirani wawili walikuja kuazima.

Asubuhi ya kwanza watu walikuwa wachache. Nthiga alisimama chini ya mzinga, koti limefungwa vifungo vyote. Wawili wa kwanza walimpita. Kisha akapita mzee mmoja na mkongojo, akiangalia juu.

"Habari ya kutembea," alisema Nthiga. "Tumerina sasa hivi. Chukua, uonje."

Mzee alionja. Akafumba macho. Akasema asali kama hiyo hajaionja tangu alipokuwa akichunga mbuzi. Alisimama pale pale akisimulia, na watu wakiona mtu amesimama, nao husimama. Kufikia saa sita Kathambi alikuwa ameshaosha kitambaa mara mbili.

Kila aliyeuliza zaidi ya bei, Kathambi alimwomba jina na mahali anapopatikana, akaandika. Siku ya pili alikuja mama mmoja mnene, mtulivu, aitwaye Virginia, mwenye duka la vyakula mjini Embu. Alionja, akaonja tena. Hakuuliza bei. Aliuliza kama asali imepikwa, na kama mwezi wa ukame huwa ni ile ile. Halafu akauliza wanaweza kumpa kilo ngapi kila mwezi.

Moyo ulimtuma Nthiga aseme mia moja. Kathambi alikuwa amelishika daftari mbele yake.

"Ishirini," alisema Nthiga. "Zaidi ya hizo ningekudanganya."

Virginia aliandika kitu kwenye karatasi yake. Akasema atafikiri, kwa sababu kabla ya kununua hupenda kuona asali inatoka wapi. Akaenda zake.

Walirudi Kiambere wakiwa wameuza chupa zote na nusu ya vibuyu. Daftari lilikuwa na majina arobaini na matatu. Lakini mnunuzi wa kila mwezi hawakumpata bado. Kikombe hawakupata pia. Mbaabu alikuwa amewaambia kwamba maonyesho hayaishi siku ya kufunga banda, kwani anayengoja kukumbukwa husahauliwa. Kwa hiyo Kathambi alichagua majina sita, akawaandikia barua fupi za kushukuru. Barua ya Virginia aliipeleka pamoja na chupa ndogo, ikaeleza jinsi ya kufika kwao.

Jumatatu lori la makaa likaja. Mwenyewe alishuka akisema maonyesho yamepita, na yeye ni mtu wa ahadi. Nthiga alimwomba angoje hadi Jumamosi. Mtu yule alicheka, akasema asali haina miguu ya kumfuata mtu kutoka Embu, lakini atangoja.

Jumanne hapakuwa na habari. Jumatano hapakuwa na habari. Alhamisi watu wawili kati ya wale sita walijibu kwamba hawahitaji. Kathambi alichuja asali kama kawaida, lakini masikio yake yalikuwa barabarani.

Ijumaa, jua likiwa kichwani, Virginia alitokea kwa miguu kutoka sokoni, viatu vyekundu kwa vumbi, na chupa ile ndogo ikiwa tupu mkononi. Alitaka kuiona miti. Nthiga alimtembeza kwa mgunga mmoja baada ya mwingine. Alimwonyesha mzinga wa kila mti na mwezi mti huo unapochanua. Virginia aliuliza maswali mengi mpaka Nthiga akamtazama mkewe, akatabasamu. Waliafikiana chini ya mti wa mwisho: kilo ishirini kila mwezi, kuanzia mwezi ule ule.

Jumamosi lori lilirudi na vijana wanne na mashoka manne. Nthiga aliwangoja njiani.

"Nilisema asali ikikataa ulete mashoka," alisema. "Haikukataa."

Yule mtu alisema bei ya makaa itapanda, na Nthiga atamtafuta. Nthiga akamjibu kwamba akimtafuta, itakuwa kwa ajili ya kumwuzia asali. Lori liligeuka kwa taabu kati ya miiba, likaondoka tupu.

Alasiri hiyo Nthiga alinoa tezo lake, akaburuta uani gogo lililoangushwa na upepo mwaka jana. Alikuwa na kazi ya kuchonga mizinga ishirini mipya, maana Virginia alikuwa ameuliza, akiaga, kama mwaka ujao zingeweza kuwa kilo thelathini.